Pesa si shida, ungenunua kisu gani?

Mtu wa Wete:
Jamani wapenzi wa visu, tuseme umepewa pesa bila hesabu, ungenunua kipi? Mie jambia la Kiomani la kale, lile la pete saba kwenye ala na mpini wa fedha, wallahi nalitamani tangu nlipomuona babu kalivaa harusini.

Kijana wa Malindi:
Zuri yakhe, ila angalia mpini, mengi ya kale ni pembe ya kifaru na biashara yake ya kimataifa CITES, ule mkataba wa mataifa wa kulinda wanyama na mimea ya porini, walishaipiga marufuku tangu 1977, ukivuka nalo mpaka watu wa forodha wanaweza kulichukua. Tafuta lenye mpini wa mti wa sandali.

Bi Makunduchi:
Mie Opinel namba 8 tu, kile kisu cha kukunja cha Ufaransa, bapa sentimita 8.5, embe namenya nayo kila siku.