Santuri za mzee zimepata mnunuzi. Niuze au nibaki nazo? Naombeni ushauri

Tumba_Moja (mleta mada)
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Humu mimi ni msomaji tu, ila leo nimekwama.

Nina maboksi mawili ya muziki wa dansi. Moja la santuri ndogo, zile za mizunguko 45, jingine la kanda ambazo mzee alikuwa akirekodi kutoka RTD, Radio Tanzania ya zamani. Cuban Marimba wamo, Morogoro Jazz wamo, Kilwa Jazz, NUTA, Western, Atomic ya Tanga. Muziki nimeujulia humo. Walioniharibu kabisa ni Mlimani Park. Mwaka 1974 hivi, hata shule sijaanza, mzee anaweka santuri yao, mimi nipo chini ya meza sikio kwenye spika namsubiri mwimbaji Gurumo aingie. Sijapona hadi leo. Nimepiga tumba kwenye bendi ya kazini, nimegombana na mke kwa ajili ya redio, nikisikia gitaa la solo barabarani nasimama.

Sasa kuna mzungu anakusanya santuri za Afrika Mashariki. Anataka zote kwa mpigo na hela aliyotaja si haba. Nikiuza nitajuta? Na mwenye kujua bei anisaidie. Usingizi umekata.

Kipanga_Mweusi
Uza. Hiyo sindano ya kuchezeshea utaipata wapi? Nyimbo zote ziko mtandaoni, bando lako tu.

Mzee_wa_Ogelea
Zote ziko mtandaoni kwa nani? Hao vijana hawajui kuna nyimbo zilipigwa kwenye kipindi cha redio cha Klabu Raha Leo Show mara moja, mwenye kanda anayo, asiye nayo basi.

Mimi kilichonimaliza ni Orchestra Maquis. Wale waliingia kutoka Zaire mwaka 1972, wakaleta mavazi, wakaleta magitaa yanayosemezana. Nilikuwa mdogo, sina kiingilio, nachungulia dirishani kwenye ukumbi. Mlinzi akinifukuza nazunguka upande wa pili, namsikia mpiga saksafoni tu, simwoni. Mpaka leo nikisikia saksafoni nainua shingo. Ogelea piga mbizi, ndio mtindo wao! Samahani mleta mada, umeuliza nini vile?

Dada_Saga
Kwetu ilikuwa Vijana Jazz. Mama akifua Jumamosi redio ipo kwenye kigoda, hakuna mtu kugusa. Mwimbaji wao Hemed Maneti alipofariki mwaka 1990 mama alilia kama amefiwa na kaka yake wa tumbo moja, baba akawa hamwelewi. Usiuze bwana.

Pwani_Kwetu
Sisi wa Mombasa tulilelewa na Simba Wanyika, na hao wenyewe ni wa Tanga, ndugu Kinyonga. Mziki haukuwa na pasipoti. Baba yangu alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe damu damu. Ile ajali iliyomuua Januari 1979 ilitokea huku kwetu Mombasa, na nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuweka wimbo wake mpaka arubaini ipite. Mzungu akikataa niambie mimi.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, kuna vitu haviuzwi. Kizazi chenu kinaona kila kitu ni shilingi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965 na bado anaimba, wewe uliye hai unataka kumnyamazisha. Aibu.

Hati_na_Muhuri
Nimesoma mara mbili. Nauliza matatu. Hizo santuri ni za nani kisheria? Warithi mko wangapi? Umeshasaini chochote?

Tumba_Moja
Mkuu, ni za mzee wangu. Mimi ndiye niliyeachiwa, wenzangu hawana habari na muziki, dada yangu hawezi kutofautisha tumba na debe. Kusaini bado, kuna karatasi tu aliniletea.

Naomba turudi kwenye bei.

Hati_na_Muhuri
Bei baadaye. Karatasi inasemaje? Na mzee alifariki lini, mirathi mlifungua?

Kipanga_Mweusi
Mleta mada kaingia mitini 😂

Tumba_Moja
Sijaingia mitini, nilikuwa kazini.

Karatasi inasema mimi ni mmiliki wa santuri pamoja na "haki zote za muziki uliomo". Kuhusu mirathi, mzee hajafariki. Yupo Tabora kwa dada.

Dada_Saga
WEEEH

Mzee_wa_Ogelea
Ngoja nikae vizuri.

Kipanga_Mweusi
Unamrithi mtu anayekunywa chai Tabora? Nafuta ushauri wangu.

Tumba_Moja
Msinihukumu kabla hamjasikia. Mzee masikio yamekwisha, ukitaka akusikie upige kelele kama uko ng'ambo ya mto. Gramafoni ilikufa kitambo. Alipohamia kwa dada alisema "haya kaa nayo wewe". Kaa nayo maana yake nini kama si kunipa? Na kwangu joto ni kali, nyingine zimeanza kujikunja. Mzungu ana chumba chenye kiyoyozi. Nikitazama naona ninaziokoa. Nilipanga nimpelekee mzee nusu ya hela.

Na kishika uchumba nilishapokea, laki nne. Imeingia kwenye ada.

Hati_na_Muhuri
Hatimaye swali lenyewe limetoka.

Moja, "kaa nayo" ni kutunza mpaka mwenyewe aseme vingine, na mwenyewe yupo, muulize. Mbili, hata kama kakupa, amekupa sahani na kanda. Muziki uliomo si wake wala wako. Soma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999: kuwa na santuri hakukupi haki za watunzi na waimbaji. Ukisaini hiyo karatasi unauza mali ya Cuban Marimba na NUTA kwa jina lako. Ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kushika kalamu. Kama anataka sahani tu, mstari huo wa haki aufute, tuone kama bado atakuwa na haraka.

Mwalimu_Mstaafu
Nilisema mimi. Mzazi yu hai unamgawia nusu ya mali yake mwenyewe! Mungu anakuona.

Sanduku_la_RTD
Samahanini, mimi nawavurugia. Mleta mada anasema mwaka 1974 alimsikiliza Gurumo akiwa Mlimani Park. Mlimani Park imeanza mwaka 1978. Ilikuwa chini ya kampuni ya taksi na usafiri, shirika la jiji, DDC, wakaichukua mwaka 1983. Mwaka 1974 haikuwepo hata kwa ndoto. Na santuri zetu zilikuwa zikichapwa Nairobi, kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka 1977, kwa hiyo bendi iliyozaliwa 1978 nyimbo zake tulizipata redioni na kwenye kanda za kujirekodia. Santuri ya Mlimani chini ya meza mwaka 1974? Hii chai, na sukari imezidi.

Kipanga_Mweusi
☕☕☕ Nilijua tu. Mzungu, mzee kiziwi, laki nne, filamu kabisa hii.

Mzee_wa_Ogelea
Nimeandika habari za dirishani kwa moyo wote kumbe nachangia hadithi ya mtu.

Dada_Saga
Uzi bila picha. Weka picha.

Tumba_Moja
Nitunge hadithi nipate faida gani? Ninayemkumbuka ni Gurumo, sauti ile huwezi kukosea. Mwaka nao naukumbuka maana mdogo wangu alizaliwa. Natuma picha, msinitukane.

[picha: santuri mezani, lebo imechubuka, jina NUTA Jazz Band linasomeka, pembeni kalamu ya wino "Agosti 74"]

Sanduku_la_RTD
Aaa. Sasa naelewa. Mkuu, uliyemsikia ni Gurumo kweli, ila alikuwa NUTA. Alikaa pale tangu miaka ya sitini, bendi ilianzishwa mwaka 1964, na alikwenda Mlimani mwaka 1978 na wenzake. Wewe umekua ukiisikia sauti ileile chini ya jina jingine, ukazichanganya. Kwa hiyo bendi iliyokuharibu ni Msondo, yaani NUTA, si Sikinde, yaani Mlimani Park. Pole na hongera.

Tumba_Moja
Haiwezekani. Mimi ni Sikinde toka nimezaliwa.

Pwani_Kwetu
Miaka yote hiyo unashangilia timu pinzani 😂😂 Hii nimeipenda kuliko uzi wenyewe.

Dada_Saga
Msondo baba ya muziki! Karibu nyumbani kaka.

Kipanga_Mweusi
Msondo wamekuwa NUTA, Juwata, OTTU, kila chama cha wafanyakazi kikibadilika jina na wao wamo. Sikinde jina moja tu, ngoma ya ukae. Tuanzie hapo.

Mzee_wa_Ogelea
Wote wawili mlikuwa mnatoroshewa wanamuziki kila mwaka. Mwaka 1985 tajiri aliwabeba watu wa Sikinde akaanzisha bendi ya International Orchestra Safari Sound, mkabaki mnalia. Mimi na Maquis wangu nimetulia zangu.

Hati_na_Muhuri
Jamani, kuna karatasi haijasainiwa hapa.

Tumba_Moja
Ipo kwenye droo. Nimempigia dada jana usiku, akamshikia mzee simu. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nimemuuliza habari za santuri. Kasema kama ni za kuuza, ile ya Cuban Marimba yenye alama ya chai isiguswe, nyingine tutaongea nikienda. Hakuonekana kukasirika, ila hakusema ndiyo. Mzungu naye anadai laki nne yake au mzigo.

Swali langu la mwisho. Nikibakiza hiyo ya Cuban Marimba na zote za NUTA, nikampa zilizobaki bila karatasi ya haki, hapo bado nina kosa? Laki nne sina.

Hati_na_Muhuri
Mzee kasema mtaongea ukienda. Umeshakwenda?

Tumba_Moja
Tiketi ni mwisho wa mwezi. Mzungu anaondoka Ijumaa.

Sanduku_la_RTD
Kabla hujatoa hata moja, nipe siku moja nizirekodi kwenye kompyuta. Kanda za RTD hasa. Na usizilaze moja juu ya nyingine, ndiyo maana zinajikunja, zisimamishe.

Mwalimu_Mstaafu
Tumba_Moja, hizo za Kilwa Jazz unazo ngapi? Na lebo hazijachubuka? Laki nne ya huyo mzungu naweza kukulipia mimi kesho asubuhi. Njoo PM.