Kahawa ya kopo 8,500, "VAT" bila risiti na keki yenye barafu ndani: tumepigwa mchana kweupe Mikocheni

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la mapishi. Hapa hakuna mapishi, hapa kuna watu wamepigwa.

Jina la sehemu sitaji, kwa hiyo msinijazie PM. Mtaa nimeshautaja, wenye kupajua watapajua wenyewe.

Jumamosi iliyopita shosti wangu wa tangu chuo alikuwa Dar kwa kikao cha kazi. Ni Mhaya, anaishi Bukoba, hatujaonana uso kwa uso miaka minne, na Jumapili alfajiri alikuwa anapanda basi kurudi kwao. Nyumbani kwangu mafundi wameng'oa vigae vya sebule nzima, hata pa kuweka stuli hakuna. Nikamwambia usijali, kuna kimgahawa nimekiona Mikocheni ndani ndani, tutakaa, tutakunywa kitu, tutakula keki, tumalize umbea wote wa miaka minne. Bili juu yangu, wewe mgeni.

Nisiwe mchoyo wa sifa: pamependeza. Ni nyumba ya zamani, barazani kuna makochi na mito ya kitenge, maua ya karatasi yamepanda mpaka juu ya bati, vitaa vidogo vidogo, feni inazunguka taratibu. Wateja tulikuwa meza tatu tu. Tukajichagulia kochi la kona. Hata dakika mbili hazijaisha, binti mhudumu akaja: "Samahani dada zangu, hiyo kona ni ya picha." Ya picha vipi? Kumbe ukitaka kukaa pale unalipia. Tukahamia kwenye viti vya mbao. Hilo nikalimeza.

Menyu sasa. Juu kabisa wameandika kwa mwandiko wa madoido: kahawa aina ya arabika ya Bukoba, imelimwa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, inasagwa mbele yako. Shosti akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Waitu, Bukoba ipi hii?"

Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134, na mji wa Bukoba umekaa kando ya maji. Hizo mita 2,000 labda wanalima mawinguni. Tena mkoa wetu wa Kagera, ndiko Bukoba iliko, kinacholimwa kwa wingi ni kahawa aina nyingine, robusta. Arabika ipo kidogo, ila mtu akikutajia arabika unawaza Kilimanjaro, Mbozi, Mbinga. Baba yake shosti ana mibuni nyuma ya nyumba katikati ya migomba, na mtoto kakulia humo. Yaani katika wateja wote wa Dar es Salaam, menyu ile ikamwangukia huyo.

Tukacheka, tukaagiza. Kapuchino mbili, 8,500 kila moja. Keki ya karoti 9,000. Keki ya chokoleti ya moto na aiskrimu 12,000. Maji ya chupa ndogo 3,000, yale yale ambayo kwa Mangi nje ya geti hayafiki hata buku.

Sasa sikilizeni. Mashine ya kahawa ipo kaunta, kubwa, inang'aa, na mimi nilikuwa nimekaa naitazama uso kwa uso. Juu yake wameweka chungu cha ua. Waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa rababendi. Nikangoja nisikie ule mngurumo wa kusaga, nisikie mvuke ukipiga maziwa. Kimya. Baada ya muda ikaja sauti kutoka jikoni, sauti ambayo kila mtu aliyekulia nchi hii anaijua hata akiwa usingizini: kijiko kinagonga kikombe. Ting ting ting ting ting. Shosti akanikazia macho. Hatukusema kitu.

Vikombe vikaja. Povu lipo, juu wamenyunyiza kakao kwa umbo la moyo. Nilipoligusa kwa kijiko likazama lote kama povu la sabuni ya mche. Chini ya kikombe changu nikakuta vibonge viwili vya unga ambao haujayeyuka, vichungu. Shosti alipiga funda moja, akatua kikombe.

"Hii ya kopo. Kiwanda cha kahawa ya unga kiko kwetu Bukoba, nitashindwaje kuijua?"

Nieleweke. Kahawa ya kopo naipenda, ipo kabatini kwangu sasa hivi, nainywa kila asubuhi na maziwa. Aliyeitengeneza hana kosa lolote. Mwenye kosa ni aliyechota kijiko kimoja, akakoroga, akaniuzia kama arabika ya mita 2,000 inayosagwa mbele yangu. Angeandika "kahawa ya maziwa, 3,000" ningekunywa na kumshukuru.

Keki ya karoti: uma uligoma. Sisemi ilikuwa ngumu, nasema iligoma, imeganda katikati, nikiikata nasikia barafu inasagika. Ile ya chokoleti "ya moto" ilikuja kwenye sahani ya moto kweli, binti kaibeba kwa kitambaa. Sahani inaunguza, keki ndani ya baridi, na aiskrimu imeshakuwa uji inaizunguka. Wameingiza vyote kwenye maikrowevu pamoja na sahani, hakuna maelezo mengine.

Hapo shosti akafungua mkoba akatoa kifurushi cha jani la mgomba. Kwa wasiojua, Wahaya wana kahawa ya kutafuna: buni zinachemshwa na majani yenye harufu, zinakaushwa, na mgeni akibisha hodi anapewa atafune. Alikuwa ameniletea zawadi. Akaifungua pale mezani tukachukua mbili mbili. Binti akaja mbio: "Samahani, vitu vya nje haviruhusiwi."

Wakuu, pale mezani kitu pekee kilichotoka Bukoba bila ubishi, ukimtoa shosti mwenyewe, ndicho kilichopigwa marufuku.

Mpaka hapo ningeweza kusamehe. Ningerudi nyumbani nikacheka. Lakini bili.

Kwenye menyu tuliagiza vya 41,000, hesabuni wenyewe. Ikaja karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa peni: huduma asilimia 10, yaani 4,100. Halafu "VAT" asilimia 18 juu ya hiyo jumla, 8,118. Jumla kuu 53,218. Nikachukua menyu nikaigeuza mbele nyuma, nikatafuta hata yale maandishi madogo ya chini. Hakuna mahali pameandikwa bei zitaongezwa chochote.

Nikasema sawa, nitalipa VAT, mimi ni raia mwema, naomba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. "Mashine iko kwa fundi." Lini imeenda? "Muda kidogo." Basi naomba lipa namba ya biashara. Akaniandikia namba ya simu ya kawaida, nikaingiza, likatokea jina la mtu. La mtu, si la mgahawa.

VAT si pesa ya mwenye kafe. Anaikusanya kwa niaba ya serikali na ushahidi wake ni risiti. Tangu mabadiliko ya 2023, anayelazimika kusajiliwa VAT ni mwenye mauzo ya kuanzia milioni 200 kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku 365, inakuja kama 548,000 kila siku ya Mungu. Sisi tumekaa pale zaidi ya saa mbili tukiwa meza tatu, na meza moja ni vijana waliokuja kwa ajili ya ile kona ya picha wakanywa soda. Haya, labda amejisajili kwa hiari yake, hongera zake, basi atoe risiti. Kila siku tunaimbiwa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Mimi nilidai. Nikaonekana mkorofi.

Nikamuuliza binti, hii 4,100 ya huduma unaipata wewe? Akatazama chini. "Hatupatagi, dada." Huyo binti msimguse kwenye uzi huu. Alikuwa na adabu kuanzia mwanzo mpaka mwisho na alikuwa anatekeleza alichoagizwa.

Akampigia bosi, akaweka sauti ya nje. Bosi hata salamu hakutoa: "Mwambie kama hana hela asingekuja. Atume, na ya kutolea."

Na ya kutolea! Yaani nilipie kahawa ya kopo, nilipie huduma ambayo mhudumu hapewi, nilipie kodi isiyo na risiti, halafu nimlipie na ada ya kuitoa hiyo pesa kwa wakala. Nilitaka nikae pale mpaka usiku. Lakini shosti alishashika pochi yake, macho yamemjaa aibu, ananiambia "acha nilipe mimi, yaishe, tusigombane na watu." Mgeni wangu, ametoka Bukoba. Nikatuma 55,000 tukaondoka. Umbea wa miaka minne tumeumalizia kwenye bajaji.

NYONGEZA 1: Anayesema tungeenda kwa mzee wa kahawa chungu na kashata, kikombe mia mbili: naenda kila wiki, ananijua kwa jina. Siku ile nilitaka kiti chenye mto na feni kwa ajili ya mtu wangu. Hilo nalo ni kosa?

NYONGEZA 2: Mliosema niende FCC (tume ya ushindani, inayolinda walaji) na TRA (mamlaka ya mapato), nimewasikia. Ile karatasi ya daftari ninayo, muamala ninao, picha ya menyu ninayo. Wiki hii naenda TRA kwanza, kwa sababu ya ile 8,118.

NYONGEZA 3: Nilikuwa nimeweka nyota moja na maelezo kwenye ramani ya mtandaoni. Leo mchana nimepigiwa na namba nisiyoijua. Bosi. Namba yangu kaitoa kwenye muamala wangu. Safari hii sauti ya asali, "dada yangu" kila neno la tatu, anaomba nifute, niende tena na rafiki yangu tunywe kahawa bure, yeye mwenyewe atakuwepo. Nikamuuliza: ya mashine au ya kijiko?

Akakata simu.

NYONGEZA 4: Mkuu unayeuliza kama keki tuliiacha: 9,000 yangu niiache? Tuliimaliza, ilipoyeyuka.