Naomba ushauri: mama abakie Medicare ya serikali ao aingie ya kampuni?

Wandugu, jambo. Niko Bukavu, huku Kadutu. Mama mzazi anaishi kwa kaka Marekani, ana miaka 67, na yuko kwenye Medicare, bima ya afya ya serikali ya kule kwa wazee. Kaka anataka kumwingiza Medicare Advantage, ile ya kampuni binafsi, sababu inaongeza meno na miwani. Mimi naogopa. Mipango hiyo ina orodha yake ya madaktari, na mama ameshamzoea daktari wake wa sukari, anayevumilia Kifaransa chake. Tena ada ya Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, kwa kawaida inaendelea kulipwa hata akihamia kampuni. Mwisho wa kubadilisha ni tarehe 7 Desemba.

Wenye wazazi kule, mlichagua nini? Akikawia kwa kampuni ndipo arudi kwa ya serikali, katika majimbo mengi bima ya nyongeza, ile ya kusaidia gharama ambazo Medicare ya serikali inamwachia mgonjwa, inaweza kumkataa juu ya sukari. Imeshampata mtu?