Naomba ushauri: kuondoa mathenge kandokando ya kijito pamoja na wenye mashamba

Ndugu zangu, mathenge, mti uliopandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukinga ardhi isigeuke jangwa, sasa umeziba kingo za kijito chetu karibu na Marigat, na mifugo haifikii maji. Tukiukata, kisiki huchipua upya kisipong'olewa chini ya usawa wa ardhi. Na mwenye shamba la juu asiposhiriki, mafuriko pamoja na mbuzi wanaokula maganda ya mbegu za mti huo hutuletea mbegu tena. Baadhi ya majirani husita kwa kuwa huchoma makaa ya mti huo, hoja ninayoiheshimu. Je, mliwashawishije wenzenu waanzie juu ya kijito, na mlipanda nini cha kushikilia udongo?