Kikundi cha usafi cha Langoni: tujisajili wapi, na tugawane vipi kazi na vikundi vingine vya mtaa?

Katibu wa Langoni:

Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakaazi 14 wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Tulianza mwaka juzi wakati wa masika, pale mtaro unaopita baina ya nyumba zetu ulipoziba na maji machafu yakapanda hadi ndani ya daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la jirani yetu mzee. Vijana wanane walichukua majembe na karai wakauzibua. Wiki iliyofuata walirudi, na tangu siku hiyo tumekuwa tukisafisha kila Jumapili asubuhi. Kila mwanachama hutoa shilingi 100 kwa wiki. Kwa fedha hizo tumenunua mikokoteni miwili, na tunamlipa mwenye punda anayechukua tope, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitiki kwa gari.

Sasa mzaliwa wa mtaa wetu anayefanya kazi Uarabuni ameahidi kutupa shilingi 180,000 tuongeze mikokoteni na tufunike sehemu ya mtaro ambamo watoto huanguka. Sharti lake ni kwamba fedha hizo zisipitie simu ya mtu yeyote, bali ziingie katika akaunti ya benki ya kikundi kilichosajiliwa. Sharti hilo tumelikubali sote, kwa sababu kabla yetu palikuwa na kikundi ambacho fedha zake zilikaa katika simu ya mweka hazina. Mweka hazina huyo alipofariki, jamaa zake hawakujua kipi ni chake na kipi ni cha kikundi, wala wanachama hawakuwa na daftari la kuthibitisha. Marehemu hakuwa mwizi, lakini mpaka leo jina lake hutajwa kwa mashaka, jambo ambalo naona ni dhuluma.

Tumehitilafiana kuhusu aina ya usajili. Baadhi ya wenzangu wanataka tuwe shirika kubwa lisilo la kiserikali ili tuweze kuomba fedha za wafadhili wa nje. Wengine wanasema cheti cha kikundi cha kijamii kinatosha. Aidha, katika mtaa huu huu ipo kamati ya msikiti, kipo kikundi cha akina mama, ipo timu ya mpira, na lipo shirika linalosafisha ufuo. Tunachelea kuonekana kwamba tumekuja kuwanyang'anya wenzetu kazi. Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mwandika Katiba, Mkomani:

Wa aleikum salaam, ndugu Katibu. Nimewahi kusaidia vikundi vitatu kuandika katiba, na kimoja kati ya hivyo kilivunjika mikononi mwangu, kwa hiyo pokea maneno yangu kama ya mtu aliyejifunza kwa kukosea.

Kwa kazi mliyoieleza, chukueni cheti cha kikundi cha kijamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 iliwekwa kwa ajili ya watu kama ninyi, yaani wakaazi wa mahali pamoja waliojipanga kwa hiari yao ili kuinua maisha yao au kuendeleza jamii yao. Inataka wanachama wasiopungua 10, nanyi mko 14. Mtakwenda katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mkiwa na kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na saini, majina ya viongozi, pamoja na katiba. Cheti hudumu miaka miwili kisha huhuishwa, na hapo ndipo vikundi vingi hufa kimyakimya, kwa sababu tarehe hupita bila mtu kukumbuka na benki nayo huanza kuuliza maswali. Iandikeni tarehe hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mikutano.

Wale wenzenu wanaotaka shirika kubwa hawana makosa kutamani, ila wamewahi mno. Mashirika ya namna hiyo sasa yanaongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990. Usajili huo huja na wajibu wa kuwasilisha ripoti za kazi na hesabu za fedha kwa mamlaka ya kitaifa. Mkiwa na mikokoteni miwili na punda wa kukodi, mtaajiri karani wa kuandika ripoti kabla hamjamwajiri mtu wa kuzibua mtaro.

Baada ya cheti, chukueni nambari ya PIN ya kodi kwa jina la kikundi, kwa maana benki itaiomba pamoja na kumbukumbu za mkutano uliochagua watia saini. Chagueni watia saini watatu na muweke sharti kwamba hazitoki fedha bila saini mbili. Hapa nawasihi mtulie, kwa sababu kile kikundi kilichovunjika kilikuwa na watia saini watatu waliokuwa ndugu wa nyumba moja, na ugomvi wa urithi wa shamba la minazi ulipoingia baina yao, fedha za watu 20 zilikaa benki miezi saba bila kuguswa. Hakuna aliyekula hata senti moja, lakini paa tulilokusudia kuliezeka lilianguka. Watoeni katika nyumba tatu tofauti, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke ambaye hasafiri mara kwa mara.

Katiba yenu iseme pia mali itakwenda wapi siku kikundi kitakapofungwa. Watu huona haya kulizungumza hilo, kama vile kuandika wasia ni kuita kifo.

Kuhusu kufunika mtaro, kumbukeni kwamba mitaro ya mji ni ya serikali ya kaunti. Aidha, mji mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inalinda majengo na maeneo yaliyotangazwa. Ikiwa sehemu yenu imo ndani ya eneo lililohifadhiwa, msimwage zege kabla ya kuzungumza na kaunti na watu wa Makavazi, yaani makumbusho ya taifa. Mawe au mbao zinazoweza kuinuliwa huenda zikakubalika upesi zaidi, na zitawafaa wakati wa kuzibua.

Mzee wa Baraza:

Mwanangu Katibu, Mwenyezi Mungu awalipe kwa kazi hiyo. Nimesoma maneno ya Mwandika Katiba na sina ugomvi nayo, ila nina swali ambalo hakuligusa: mwaka wa tatu, mikokoteni ikiisha magurudumu na huyo kijana wa Uarabuni akiwa na harusi ya dada yake ya kugharimia, nani atanunua magurudumu?

Nauliza kwa sababu mji huu una njia yake ya kale ya kujibu swali hilo. Waliojenga misikiti na kuchimba visima waliacha pia duka, nyumba au minazi iwe wakfu, ili kodi na mazao yake yanunue kamba ya kisima, mafuta ya taa na chokaa ya kuta. Aliyetoa alikufa, na mjukuu wake akafa, lakini kamba ilinunuliwa. Sisemi muweke wakfu leo, maana kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi, na wakfu wenyewe una sheria zake na wasimamizi wake. Nasema mjifunze ile hesabu: katika shilingi 180,000 msitumie zote kununua vitu vinavyooza. Nunueni mikokoteni minne badala ya sita, na miwili kati yake ikodishwe kwa mafundi wa ujenzi siku za wiki kubeba mchanga na mawe, kisha kodi yake iwe ndiyo mfuko wa matengenezo.

Nina hofu nyingine. Mkiwa na karai na majembe, mnaokuja Jumapili ni wale wanaopenda kazi. Cheti kikitundikwa ukutani, watakuja wanaopenda kuwa wenyekiti. Mimi ningengoja mwaka mmoja zaidi.

Mama wa Mchezo, Langoni:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, shauri la kungoja silikubali. Sisi akina mama tulicheza mchezo wetu wa fedha miaka sita bila karatasi yoyote, kwa kuaminiana tu, na tuliona fahari kwa hilo. Hata hivyo, tulipotaka mkopo wa kununua majokofu ya kuhifadhi samaki kutoka Mfuko wa Wanawake, ule ulioanzishwa na serikali 2007, jambo la kwanza tuliloulizwa lilikuwa cheti. Wenzetu wa mtaa wa pili, ambao hawakutushinda kwa lolote isipokuwa kusajiliwa mapema, walikwisha kupokea na kulipa. Wanaopenda vyeo watakuja kwa vyovyote, Mzee, na dawa yao ni kuweka katika katiba kwamba asiyefika kwenye kazi Jumapili nne mfululizo hapigiwi kura. Ila lile la mikokoteni ya kukodisha nimelipenda, na nitalipeleka kwa wenzangu.

Ndugu Katibu, sasa nakuja kwa swali lako la pili, ambalo naona ndilo kubwa, na akina baba wamelipita. Umetutaja sisi akina mama wa mtaa kama watu wa kuogopwa, ilhali hujaja kutuuliza. Mtaro wenu unaziba kwa nini? Nimesimama juu yake nikatazama: ni wali, mafuta ya kukaangia, magamba ya samaki na mifuko. Vyote hivyo vinatoka jikoni. Mkizibua kila Jumapili pasipo sisi, mtazibua mpaka wajukuu wenu. Kichungi cha waya kwenye mdomo wa bomba la kila nyumba kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa mtaani, na mwenye kumshawishi mama wa nyumba akimwage kila jioni ni mwanamke mwenzake, wala si kijana mwenye jembe.

Kabla hamjaandika katiba, chukueni karatasi moja kubwa, mkae na kila kikundi mlichokitaja, muandike nani anafanya nini, siku gani, na ana kifaa gani. Sisi tulipofanya hivyo kwa mambo ya misiba tuligundua kwamba vikundi vitatu vilikuwa na masufuria makubwa na hakuna hata kimoja kilichokuwa na turubai. Huenda mkakuta watu wa ufuoni wana magunia ya ziada na hawana mkokoteni, na kamati ya msikiti ina stoo tupu wakati ninyi mnaacha vifaa vyenu nje vinyeshewe. Timu ya mpira ina vijana 20 ambao Jumapili asubuhi wako mazoezini, basi sogezeni saa.

Kushirikiana hakumfanyi mtu apoteze jina lake. Save Lamu ni muungano wa vikundi vya kijamii vya hapa, na kila kimoja kilibaki na katiba na viongozi wake. Lakini walipokwenda pamoja mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, leseni yake ilifutwa tarehe 26 Juni 2019, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kikundi kimoja cha mtaa kisingeweza kuubeba mzigo ule. Kwenu jambo ni dogo zaidi: mkienda kaunti kuomba mtaro ujengwe upya, ni afadhali barua iwe na mihuri mitano kuliko mmoja.

Katibu wa Langoni:

Nawashukuru nyote, na Mama wa Mchezo namwomba radhi hadharani, kwa kuwa alilosema ni kweli: mke wangu ni mwanachama wa kikundi hicho na hata yeye sikumuuliza.

Jana tulikutana watu 11 kati ya 14. Tumekubaliana kuomba cheti cha kikundi cha kijamii na kuachana kwa sasa na mambo ya shirika kubwa. Wazo la Mzee la kukodisha mikokoteni limepita kwa kura tisa dhidi ya mbili, na waliokataa wanasema mafundi wataivunja; tumepanga tuanze na mmoja tuone. Kufunika mtaro tumekusimamisha hadi tuzungumze na kaunti pamoja na Makavazi, nami nimeshamwandikia mfadhili wetu kumweleza sababu. Amejibu kwamba yuko tayari kungoja, ila ameuliza kichungi kimoja cha waya kinagharimu kiasi gani, na hakuna mwanamume hata mmoja mkutanoni aliyejua.

Watia saini wawili tumewapata kutoka nyumba mbili tofauti. Wa tatu tungependa awe mwanamke, na katika wanachama wetu 14 hakuna mwanamke hata mmoja. Je, Mama, wapo wenzako wawili au watatu ambao wangekubali kuingia kikundini kabla hatujapeleka orodha ofisini?

Mama wa Mchezo, Langoni:

Wapo wanne. Mmoja wao ameweka daftari letu la fedha miaka yote hiyo sita na hesabu yake haijawahi kupungua shilingi. Njooni baada ya Alasiri, na mje na ile karatasi kubwa.