Wiki moja Ugiriki na mama mzazi: Santorini, Rhodes au Krete?

Mchagga_wa_Bremen
Wakuu, naomba ushauri. Mwishoni mwa Juni tuna siku saba visiwa vya Ugiriki: mimi, mke, watoto wawili (miaka 6 na 9) na mama yangu, atakayekuwa amekuja kututembelea huku Ujerumani kutoka Moshi. Magoti yanamsumbua na bahari anaiogopa. Mke anataka Santorini kwa sababu ya zile picha za nyumba nyeupe. Mimi nimekwama kati ya Rhodes na Krete. Aliyewahi kufika aseme ukweli, matangazo nimeshayasoma ya kutosha.

BintiNungwi
Santorini nilienda na mume wangu tukiwa wawili tu. Wifi hajadanganywa, mandhari yake ni yale yale ya kwenye picha. Ile ghuba ni shimo la volkano iliyolipuka miaka kama 3,600 iliyopita, na vijiji vimekaa ukingoni mwa jabali. Sasa liweke jabali hilo pamoja na magoti ya mama. Oia ni ngazi kupanda, ngazi kushuka, na jua likikaribia kuzama watu wanasongamana hadi jua lenyewe hulioni. Siku ambayo meli kubwa za watalii zimetia nanga, Fira haipitiki.

Ufukweni Perissa na Kamari mchanga ni mweusi, na saa saba mchana unakaanga nyayo. Mimi nimekulia Nungwi, siwezi kukwambia uende huko kuogelea. Nilichokipenda kuliko vyote ni Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya mlipuko ule. Uko chini ya paa, una kivuli, unaona nyumba za ghorofa na mitungi iliyoachwa pale pale. Hapo tu mama angefurahi.

Kijana_wa_Kibokoni
Rhodes, ndugu yangu. Mji wa kale uko ndani ya ukuta ambao ukiuona utaihurumia Fort Jesus yetu. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane waliushika kuanzia 1309 hadi Sultani Suleiman alipowatoa 1522, kwa hiyo unapita barabara ya wapiganaji wa msalaba kisha mbele kidogo unakutana na msikiti wa Kituruki. Kwa mtu wa Mombasa ile hali unaielewa bila kuelezwa.

Ila nisikufiche: vichochoro vingi vimesakafiwa kwa kokoto za mviringo zilizosimamishwa wima. Mama avae viatu vya soli nene. Lindos nayo ngome iko juu kilimani, mama atabaki chini akinywa juisi.

Na kwa Waislamu wenzangu mtakaosoma: gyros ya huko, ile nyama ya kuchoma inayokatwa vipande vyembamba, mara nyingi ni nguruwe. Sema unataka ya kuku, na bado uulize.

Mzee_wa_Viza
Kijana amesahau jambo moja. Mama ana viza ya kuingia mara moja au mara nyingi? Rhodes na kisiwa cha Kos wanauza safari za siku moja kwenda Uturuki, Marmaris na Bodrum, boti ya muda mfupi tu. Uturuki haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka, viza imekwisha, na jioni hawezi kurudi kwenu hotelini. Wewe na kibali chako cha Ujerumani utapita, yeye atabaki bandarini na mkoba wake.

Mchagga_wa_Bremen
Ya kuingia mara moja! Asante sana mzee, hilo sikuliwazia hata kidogo.

Dereva_wa_Patras
Shikamoo Mzee wa Viza. Mimi nipo Ugiriki mwaka wa tisa sasa, na kwa familia hii nasema Krete. Sababu ya kwanza ni upepo. Kiangazi kuna meltemi, inavuma kutoka kaskazini kama kaskazi yetu lakini haina adabu, na ikichachamaa feri zinafutwa. Krete ni kisiwa cha kilometa kama 260 kwa urefu. Ukikodi gari, wiki nzima mama hagusi boti.

Anzeni Chania. Bandari yake ya zamani, waliyoijenga watu wa Venice, ni tambarare, mama anakaa kwenye kiti anaangalia mnara wa taa na wapita njia. Watoto wapelekeni Elafonisi: maji ya magotini, mchanga una wekundu wa waridi. Barabara ina kona nyingi, tokeni alfajiri. Bonde la Samaria liacheni, ni kilometa 16 za kushuka kwenye mawe.

Knossos nendeni milango inapofunguliwa, kivuli ni kidogo. Arthur Evans alianza kuchimba pale 1900 na akajengea upya sehemu kwa saruji. Wataalamu hawajamsamehe, lakini watoto wataelewa kwamba hapa palikuwa na jumba la kifalme.

BintiNungwi
Nakubali. Na mtu asikushawishi ile boti ya siku moja kutoka Heraklion, mji wa hapo Krete, kwenda Santorini. Unashinda njiani, unaona foleni, unarudi umechoka.

Mchagga_wa_Bremen
Imepita: Krete, siku nne Chania, tatu Heraklion. Mke amekubali kwa sharti kwamba Santorini tutaenda wawili, bila watoto, bila mama mkwe. Mama naye kasikia "Krete" kwenye simu, akafungua Matendo ya Mitume 27, sasa anataka kupelekwa Bandari Nzuri alikopita Paulo. Hiyo ipo kweli?

Dereva_wa_Patras
Ipo, inaitwa Kaloi Limenes, pwani ya kusini. Itengeeni siku mojawapo ya Heraklion, mpitie Phaistos njiani, magofu ya jumba jingine la kale. Mwambie tu mapema kwamba kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele ya ghuba kuna matangi ya mafuta, asije akauliza na hayo Paulo aliyaonaje.