Movie uliyoiangalia kwa tafsiri utotoni ukaja kuiona yenyewe ukubwani: tupeane uzoefu

Mzee wa Deki (mleta mada)

Wakuu habari za Jumapili. Mi ni mtu wa movie sana, wiki haipiti sijaangalia mbili tatu, ila mwezi huu nimeamua kurudi nyuma, natafuta ile mikanda ya enzi za kibanda umiza tuliyoangalia na mtafsiri juu, sasa naangalia yenyewe kama ilivyo bila mtu kunipigia kelele masikioni. Aisee, nilidanganywa sana.

Naanza na Rambo ya kwanza, First Blood ya 1982. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya gereji, mabenchi ya mabanzi, tv chogo imekaa juu ya kreti za soda, kiingilio mia, na mwenye kibanda ana fimbo ya watoto wanaochungulia kwenye matundu ya magunia. Mtafsiri akatuambia yule sherifu ndiye aliyemuua baba yake Rambo, na jamaa kaja mjini kulipa kisasi. Tukaelewa. Kila askari akianguka kibanda kinatikisika.

Juzi Jumamosi nakaa naangalia, hakuna baba aliyeuawa popote. Jamaa karudi vita ya Vietnam, anatembea kwa mguu kumtafuta mwenzake wa kikosi, anamkuta mwanamke anaanika nguo anamwambia yule alishakufa, kansa, sababu ya yale madawa waliyomwagiwa huko vitani. Anaondoka zake anaingia kamji kadogo, sherifu anaona nywele ndefu na koti la jeshi anamwambia pita hukohuko usisimame hapa. Jamaa kageuza, kakamatwa kwa uzururaji. Basi, ugomvi wote umeanzia hapo, yaani ingekuwa kwetu ni mgambo na machinga. Na kwa zile kelele zote tulizopiga, anayekufa ni mtu mmoja tu, yule askari aliyedondoka kwenye helikopta, na hapo Rambo karusha jiwe tu.

Sasa mwisho. Mwisho jamaa analia. Analia kama mtoto mbele ya kanali wake, anasimulia alivyolipukiwa mwenzake kule Saigon, mtoto alikuja na kisanduku cha kung'arishia viatu kumbe kimetegwa bomu, na yeye anahangaika kutafuta miguu ya mwenzake haioni. Sisi tulipofika hapo mtafsiri alisema analia kwa sababu ameambiwa mama yake amefariki, halafu akazima deki harakaharaka maana kuna mkanda wa kininja watu wanasubiri. Miaka ishirini na kitu nimeishi najua Rambo alifiwa na mama. Mke wangu kapita sebuleni akauliza hiyo si ndio ile ya mapanga, nikamwambia hata panga hamna, ni kisu.

Maoni yangu, kati ya Rambo zote hii ndio movie, zilizobaki ni risasi. Haya, we ulidanganywa wapi?

Gari Bovu

Hahaha mkuu, kwetu kila adui aliua wazazi wa steringi. Hata Titanic, sijui barafu nayo iliua baba wa nani.

Binti wa Chemba

Yangu haichekeshi sana. The Gods Must Be Crazy, ile ya chupa ya soda kudondoka kutoka kwenye ndege. Nilikuwa nasoma Kondoa mjini nakaa kwa shangazi, siku ya kufunga shule wakaleta tv na jenereta, mwalimu mmoja akajitolea kutafsiri. Yule baba wa kwenye movie, Msan wa jangwa la Kalahari, alipofungua mdomo kuongea, ile ya kualisha ulimi, darasa zima likaangua kicheko. Mi sikucheka maana bibi yangu wa Farkwa anaongea hivyohivyo, sisi ni Wasandawe. Kuanzia muhula uliofuata jina langu likawa Chupa mpaka namaliza la saba.

Mwezi uliopita wanangu wameikuta kwenye simu, nikaangalia nao. Ndio kwa mara ya kwanza nasikia kuna sauti ya mtu anasimulia kwa Kiingereza, anawaelezea wale watu kama anavyoelezewa twiga kwenye vipindi vya wanyama. Anawasifia, wana amani, hawana uhalifu, lakini hakuna anayewauliza chochote. Nikaja kujua imetengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, imetoka 1980, ubaguzi uko palepale, nikaelewa kwa nini sauti ni ya hivyo. Ila N!xau mwenyewe, aliyekuwa yule baba, anaigiza vizuri jamani, uso wake tu unatosha. Kile kipande amempiga mshale mbuzi halafu anapelekwa mahakamani, yeye hajui kama mbuzi anaweza kuwa wa mtu, ananyoosha uso anaangalia watu wamekasirika nini. Mwalimu wetu hapo alitwambia huyu ni mwizi wa mbuzi. Mwizi! Nimerudisha nyuma mara tatu kuhakikisha.

Mwanangu mdogo akaniuliza na wewe mama unajua kuongea vile? Nikamtolea maneno matatu niliyobaki nayo.

Msee wa Naks

Wadau wa Tz mnalia nini sasa, huku kwetu ni kinyume. Mimi nimelelewa na DJ Afro, yule mtafsiri wetu wa movie Kenya, bila commentary movie haishuki. Juzi nilikuwa idle nikaweka Commando ya Arnold, ya 1985, original, nikajua ntaenjoy. Wah. Kimya. Jamaa anatoka msituni amebeba gogo kwa bega moja na hakuna mtu wa kukuambia huyu ni mwanaume wa aina gani. Ile place amemshika yule kajamaa kwa mguu juu ya mwamba, alikuwa amemwahidi atamuua wa mwisho, sasa anamwambia nilidanganya, anamwachilia. Kwa Kizungu hapo ni maneno mawili. Kwa base yetu hapo ungepewa dakika nzima, ungeambiwa hadi marehemu ameacha deni ya ngapi kwa duka.

Shosho yangu hajui Kizungu hata cha salamu lakini muulize Jackie Chan ni nani, atakwambia ni kijana mlevi lakini ako na heshima. Christmas nikamwekea Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, yule mtoto Jo mgonjwa wa kufa anataka kuwa superhero na kijiji kizima kinamtengenezea filamu. Hiyo haitaki mtafsiri, Kiswahili kiko, Kikuyu kiko. Alinyamaza mwanzo mpaka mwisho, hata chai ikapoa. Halafu akaniuliza, sasa huyo mtoto mlimzika wapi? Mlimzika, kama ni sisi tulienda.

Mtoto wa Vuga

Mie mtafsiri wangu alikuwa bibi. Hajasoma Kihindi popote, kakipata kwenye sinema tu, alipokuwa msichana huku Mjini watu wakivaa wakipendeza kwenda Majestic. Sisi tumemkuta na deki, na kanda ami yetu kazileta kutoka Dubai. Sholay ndio ilikuwa ya sikukuu, zaidi ya masaa matatu, tunaikalia chini na halua. Bibi akifika pale Jai kapigwa risasi darajani anasimamisha kanda, anasema kapelekwa hospitali Bombay, haya nendeni mkalale. Kila Idi Jai anapelekwa hospitali.

Nimeiangalia wiki hii na maandishi chini. Amitabh, ndiye Jai, anakufa! Anakufa mikononi mwa mwenzake Dharmendra, halafu Dharmendra anaitazama ile shilingi waliyokuwa wakirusha kuamua kila jambo, anaona pande zote mbili ni kichwa. Jamaa alikuwa akimdanganya siku zote ili hatari aichukue yeye. Sasa kipande kama kile, filamu yote imejengwa juu yake, mie nimekaa miaka thelathini sijakiona kwa sababu bibi hataki wajukuu walie usiku wa Idi.

Kuna na jengine. Thakur, yule mzee aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar, kwenye toleo la sinema polisi wanatokea mwisho wanamzuia asimuue. Awali walipiga picha anamuua kweli kwa viatu vya misumari, bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, wakabadilisha. Kwa hiyo India nzima nayo ilikuwa na bibi yake wa kusimamisha kanda.

Kidato cha Sita

Nje ya mada kidogo. Mwalimu wa fasihi naye ni mtafsiri. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi sisi tuliisoma kwa dhamira na ujumbe tu, ukoloni, ukombozi, nafasi ya mwanamke, kariri uandike. Nimeangalia filamu yake ya 2021 ya Amil Shivji, kumbe Yasmin na Denge walikuwa wanapendana hivi! Picha nzuri mno, ile Zanzibar ya usiku, taa na mvua. Ila inatambaa, mi kuna sehemu nilienda kuchemsha chai nikarudi bado wanatazamana.

Gari Bovu

Mzee wa Deki, kwenye kitabu chenyewe cha 1972 Rambo anakufa. Na hata kwenye movie walipiga picha ya mwisho anakufa wakaitupa. Pale kibandani mtafsiri angesemaje?

Mzee wa Deki

Angesema kapelekwa hospitali Bombay.

Binti wa Chemba pole sana, ila hilo la mwizi wa mbuzi limeniuma, ntaitafuta. Naks, nakubali kidogo. Maana nikwambie ukweli, jana nimeiweka First Blood tena, na safari hii nikajikuta nautafuta ule uongo. Anapanda mlima, kimya, upepo tu, na mi kichwani nasikia ile sauti, "hapo sasa anamkumbuka marehemu baba yake". Nimepita kwa jamaa wawili wanaouza CD za kutafsiri wakanitolea za juzi juzi tu, za zamani wanasema kanda zilishaliwa na fangasi. Mwenye ile ya sherifu kuua baba anicheki inbox, nanunua.